Kuyatawala Maji ya Tikiti

Tarehe 11 Agosti 2021, kipimajoto kilichokuwa karibu na mji wa Siracusa, kisiwani Sicily, kilifika nyuzi 48.8 za Selsiasi. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilikuja kuthibitisha kwamba hilo ndilo joto kubwa kuliko yote yaliyowahi kurekodiwa barani Ulaya. Siku kali kiasi hicho ni nadra, lakini watu wa kusini mwa Italia na wa visiwa vya Ugiriki wanaishi na ndugu zake kila mwaka: jua linalochoma tangu saa tatu asubuhi, kuta za mawe zinazotema joto mpaka usiku wa manane, na jiko ambalo hakuna anayetaka kulisogelea baada ya adhuhuri. Kwa siku za namna hiyo wana saladi ya pasta. Pasta inachemshwa mapema, kabla nyumba haijapata moto, na mchana inaliwa ikiwa imepoa, pamoja na chochote ambacho bustani na soko vimeleta.

Nataka kuisifu, hasa ile yenye tikiti maji, jibini la feta na majani ya nanaa. Mchuzi ukikaa motoni saa mbili, viungo husameheana humo sufuriani na kosa la mkono hufunikwa na muda. Katika saladi hii hakuna cha kufunika. Kinachoonja moto ni pasta peke yake, kwa dakika kumi na kidogo. Vingine vyote vinaingia bakulini vikiwa vile vilivyo. Mpishi amebakiwa na kazi moja tu, na kazi hiyo ni kuyatawala maji.

Tazama vitu vyenyewe. Sheria ya Italia hairuhusu pasta kavu kuwa na unyevu unaozidi asilimia 12.5. Feta halisi ya Ugiriki haitakiwi kuzidi asilimia 56. Tikiti maji ni maji kwa takriban asilimia 92. Vitu hivi vinakutanishwa katika bakuli moja, na maji hayana desturi ya kutulia mahali. Yatatoka palipo na mengi kwenda palipo na machache, na chumvi itayavuta zaidi. Ukiyaachia yafanye yatakavyo, baada ya muda mfupi utakuta dimbwi la rangi ya waridi limejaa chini ya bakuli, pasta imelowa, jibini limetepeta na tunda limenywea. Wengi waliokula saladi hii wakaiona haina maana walikula dimbwi hilo.

Ukavu wa pasta una historia ndefu, na ni historia ya bahari. Mwaka 1154 Muhammad al-Idrisi, mwanajiografia aliyekuwa katika kasri la Mfalme Roger wa Pili mjini Palermo, alikamilisha kitabu chake kikubwa cha kuieleza dunia. Humo anaitaja Trabia, mahali palipo mashariki ya Palermo, penye vijito visivyokauka na vinu vya kusagia, ambapo watu walitengeneza tambi nyingi kiasi cha kupakiwa merikebuni hadi Calabria na nchi nyingine, za Waislamu na za Wakristo. Msomaji wa pwani yetu afurahi kujua kwamba kitabu hicho hicho kinaitaja Malindi na chuma chake. Tambi za Sicily na chuma cha Malindi vimo katika kurasa za mtu mmoja, na vimo kwa sababu moja: vyote vilikuwa bidhaa za kusafirishwa. Tambi mbichi isingemaliza hata safari fupi bila kuota ukungu. Iliyokaushwa ilikaa miezi na ikafika salama. Kwa hiyo kabla sufuria haijabandikwa jikoni, kuna watu walioanza kuyatawala maji kwa ajili yetu karne nyingi zilizopita, kwa jua na kwa upepo.

Ngano ya pasta kavu ni ile ngumu, inayosagwa ikatoka chengachenga za manjano badala ya unga laini. Tangu 1967 sheria ya Italia inataka pasta kavu itengenezwe kwa ngano hiyo, na katika saladi utaona faida yake kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa protini yake huushika wanga barabara. Pasta hii huvumilia kuchemshwa, kupoozwa na kugeuzwageuzwa na mwiko bila kuvurugika. Ya ngano laini iache kwa siku nyingine.

Kwa watu wanne natumia gramu 320, katika lita tatu za maji yenye gramu 30 za chumvi. Chumvi hiyo itiwe sasa, maana pasta inainywa pamoja na maji inayoyafyonza. Ikishapoa, chumvi utakayonyunyiza juu itaishia juu. Umbo liwe fupi na lenye mikunjo, ama la parafujo ama la kipepeo, ili mafuta yapate pa kukaa. Naiopoa dakika moja kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, kwa sababu itaendelea kuiva kwa joto lake yenyewe.

Hapa wapishi wanatofautiana. Wengi huisuuza pasta kwa maji baridi ya bomba ili isiendelee kuiva wala kugandamana. Nawaelewa, lakini siwafuati. Kila mkunjo hubaki na tone lake, na matone hayo yote yatakwenda kuzimua mafuta na limau. Mimi huimwaga kwenye sinia pana, nikaimiminia vijiko viwili vya mafuta ya zeituni na kuitandaza safu moja karibu na dirisha. Mvuke unapopanda unaondoka na maji ya juu, na mafuta yanazuia vipande visishikane. Dakika 20 zinatosha. Jokofu silitaki katika hatua hii: ubaridi huufanya wanga ujipange upya na kukakamaa, na mafuta ya zeituni huganda yakawa chembechembe nyeupe. Saladi hii huliwa ikiwa na joto la chumbani, ambapo harufu ya kila kitu bado iko hai.

Tikiti nalo ni mtoto wa Afrika. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa 2021 ulionyesha kwamba jamaa yake wa karibu zaidi ni tikiti la Kordofan, nchini Sudan, na mbegu za tikiti zilikutwa ndani ya kaburi la Tutankhamun. Lilipanda kaskazini kabla ya mengi tunayoyaita mazao ya Mediterania. Nyanya ilikuwa bado haijavuka Atlantiki. Sokoni nachagua lililo zito kuliko ukubwa wake, lenye doa la manjano iliyokolea pale lilipolalia udongo. Doa likiwa jeupe, lilichumwa mapema, na tikiti likishakatwa shinani haliongezi utamu hata ulisubiri wiki nzima.

Nyama yake nyekundu, kama gramu 600, naikata vipande vya ukubwa wa nusu ya kidole gumba, natoa mbegu, naviweka kwenye chujio juu ya bakuli na kunyunyiza nusu kijiko cha chai cha chumvi. Kisha nasubiri kwa robo saa au zaidi kidogo. Chumvi huyavuta maji yaliyo karibu na uso wa kila kipande. Kipande hukaza, na utamu uliokuwa umezimuliwa sasa husikika wazi. Maji yanayodondoka usiyamwage. Chukua vijiko vitatu, ukamulie limau moja, utie vijiko vinne vya mafuta ya zeituni na pilipili manga iliyotwangwa wakati huo huo, upigepige kwa uma mpaka vishikane. Huo ndio mchuzi wa saladi. Maji yametolewa kwa chumvi, sasa yanarudi kwa kipimo, yakiwa yamebeba harufu ya tunda hadi kwenye pasta. Yanayobaki bakulini ni halali ya mpishi.

Najua wapo watakaokunja uso: matunda na pasta? Kwa hao nina majibu mengi, na yote nayapenda. Wagiriki hula tikiti maji na feta kiangazi kizima. Waturuki na Wamisri nao wana jibini lao jeupe la kuandamana na tikiti. Waitaliano wana methali isemayo mkulima asiambiwe jinsi jibini linavyonoga likiliwa na pea, na mwanahistoria Massimo Montanari aliiandikia kitabu kizima, kilichotoka 2008. Hata pasta yenyewe ilizoea utamu kabla haijazoea nyanya. Bartolomeo Scappi, aliyewapikia mapapa, alichapisha kitabu chake cha mapishi mwaka 1570, na ndani yake vyakula vya unga wa kukanda vinanyunyiziwa jibini, sukari na mdalasini kwa pamoja. Mchuzi mwekundu tunaoudhania kuwa ndiyo asili ya pasta ulikuja baadaye sana. Na karibu na kwetu, Wasomali, ambao pasta iliwafikia kwa njia ya utawala wa Italia, huila na ndizi mbivu; nenda Eastleigh, Nairobi, utaletewa ndizi pembeni ya sahani bila kuiomba. Aliyekulia akila embe bichi kwa chumvi na pilipili hahitaji kushawishiwa. Ulimi wake ulishajua kwamba chumvi na tunda ni watani.

Jibini ndilo huamua kama utani huo utanoga. Feta imelindwa na sheria ya Umoja wa Ulaya tangu 2002, na mwaka 2005 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilitupa pingamizi za Ujerumani na Denmark: jina ni la Ugiriki. Maziwa yake ni ya kondoo kwa asilimia 70 au zaidi, yanayobaki ni ya mbuzi, na linakaa miezi miwili au zaidi likikomaa, sehemu kubwa ya muda huo likiwa ndani ya maji ya chumvi. Nasimama na Wagiriki katika shauri hilo. Jibini jeupe la maziwa ya ng'ombe linaweza kuwa zuri mahali pake, lakini katika saladi hii uchachu wa kondoo na ukali wa mbuzi ndivyo vinavyolikabili tikiti bila kumezwa nalo. Nunua bonge zima lililo ndani ya maji yake, usinunue lililokwisha vurugwa, kwani hilo hukauka upesi na kuacha unga kinywani. Kwa kiasi nilichotaja, gramu 180 zinatosha.

Pasta na mchuzi ndivyo vinavyokutana kwanza, na kupewa dakika tano. Tikiti linafuata, nalo hugeuzwa mara mbili tu, kutoka chini kuja juu. Feta namega kwa vidole, vipande vikubwa visivyo na umbo, na kuiacha juu bila kuikoroga, ili kinywa kikutane nayo mahali na mahali. Nanaa naichana kwa mkono wakati bakuli linakwenda mezani, maana ikikatwa mapema huwa nyeusi. Lozi zilizokaangwa kavu zikipatikana, nazo zitiwe mwisho. Ndizo pekee zitakazolia menoni. Kabla ya kuongeza chumvi, onja feta, kisha onja tena.

Bakuli likishachanganywa, una nusu saa. Kulilaza hadi kesho hakufai, na kuliacha juani ni hatari kwa sababu ya jibini. Wanaokwenda na saladi hii ufukweni hubeba vyombo vinne ndani ya kasha la barafu, pasta mbali, tikiti mbali, feta mbali na mchuzi kwenye chupa iliyofungwa vizuri, na wakifika huvitoa kwanza kivulini vipunguze ubaridi, wakaoga baharini, kisha wakachanganya.