Susu Njema Hujulikana Ikitulia

Mteja akiingia kwa fundi wa samani kutafuta susu, yaani kitanda cha mtoto cha kubembea, jicho lake huenda kwanza kwenye nakshi. Hushika matendegu yaliyokerezwa, hupitisha kiganja kwenye vanishi, kisha huisukuma susu kwa nguvu aone inafika wapi. Ikienda mbali anaridhika na kuanza kuulizia bei. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye samani za watoto kibaya hakina haja ya kujitembeza. Hupakwa vanishi kikang'aa kuliko chema.

Kigezo cha mwongozo huu ni kimoja: susu haipimwi kwa kubembea kwake, hupimwa kwa kutulia kwake. Chochote kilichoning'inizwa kitabembea, hata ndoo. Ufundi uko katika kukifanya kirudi katikati bila kupinda, kikae sawasawa, na kifungike kisiende popote mtoto akishalala.

Kwa nini kutulia

Mwaka 2013 watafiti wa taasisi ya RIKEN ya Japani walionyesha jambo ambalo kila bibi alilijua bila kipimo: mtoto wa chini ya miezi 6 akibebwa na mama anayetembea, huacha kulia na mapigo ya moyo wake hushuka, kuliko akipakatwa na mama aliyeketi. Mwaka 2022 watafiti wa taasisi hiyohiyo waliongeza la pili: mbebe ukitembea kwa dakika 5, kisha keti naye dakika 5 hadi 8 kabla ya kumlaza, maana akiwekwa kitandani mapema mno huamka.

Soma matokeo hayo kwa jicho la mnunuzi. Mwendo huleta usingizi, utulivu huulinda. Susu inayojua kazi moja tu kati ya hizo mbili ni nusu susu.

Familia tatu

Ya kwanza ni susu ya kuning'inia, kitanda kinachoshikwa na kamba au vyuma kutoka kwenye fremu au boriti. Ya pili ni ile yenye matendegu ya upinde, inayoyumba juu ya sakafu. Hiyo ni ya kale sana: katika mji wa Herculaneum, Italia, uliofukiwa na mlima Vesuvius mwaka 79, ilichimbuliwa moja iliyogeuka makaa. Ya tatu ni ya kitambaa. Familia za Kigujarati, za India na zile zilizohamia Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, zina ghodiyu: kitambaa kinachoning'inizwa kwenye fremu, na kamba ambayo mama huivuta huku akiendelea na kazi zake za jikoni.

Kwa kubembeleza, hiyo ya kitambaa haina mpinzani. Kwa kulaza ina kasoro ambayo fundi hawezi kuiondoa: mgongo hujikunja na kidevu huangukia kifuani. Shingo ya mtoto mchanga haina nguvu na njia yake ya hewa ni nyembamba, hivyo kidevu kikishuka pumzi hubanwa bila kelele yoyote. Itumie ukiwa umekaa hapo macho, kisha mhamishie mtoto mahali palipo bapa.

Kasoro hiyohiyo iliwahi kuuzwa kiwandani kwa mamilioni. Aprili 2019 kampuni ya Fisher-Price iliiondoa sokoni Marekani Rock 'n Play, kilazio kilichoinuliwa upande wa kichwa, takriban milioni 4.7, baada ya vifo vya watoto zaidi ya 30 kuhusishwa nacho. Mwaka 2022 sheria ya nchi hiyo ilipiga marufuku vilazio vya watoto vyenye mwinuko wa zaidi ya digrii 10. Basi kabla ya kuangalia kingine chochote, weka pima maji ya fundi juu ya godoro, kwa urefu na kwa upana. Susu iliyosimama lazima iwe bapa.

Mizani: jaribio la unga

Beba pakiti mbili za unga za kilo 2. Hizo ni karibu na uzito wa mtoto mchanga mnene. Zilaze katikati ya godoro, zikiwa zimesogea kidogo upande wa mchagoni, maana kichwa cha mtoto mchanga ni karibu robo ya urefu wake na uzito huegemea huko. Tazama pima maji. Sasa zisogeze zote mpaka ziguse fito za upande mmoja, kama mtoto aliyejiviringisha, utazame tena.

Hapa ndipo susu mbili zinazofanana dukani huachana. Tazama juu, kamba zinakoanzia. Kama kamba nne zimeshuka wima, kila moja kutoka kwenye kulabu yake na kulabu zimeachana kwa upana wa kitanda, unga hauwezi kukiinamisha kitanda; hata kikibembea hubaki bapa. Kama kamba za kila ncha zimekutana kwenye kulabu moja katikati, kitanda huinama kila kinapobembea, na uzito ukihama hubaki kimeinama. Mtoto husukumiwa kwenye fito, uso ukielekea kwenye mbao. Mamlaka ya Australia inayosimamia usalama wa bidhaa hushauri susu isiinamie zaidi ya digrii 10. Kwa kitanda cha upana wa sentimita 50, hiyo ni tofauti ya sentimita 9 hivi kati ya upande wa juu na wa chini. Futi ya fundi itakuonyesha.

Kwa matendegu ya upinde hesabu ni nyingine. Upinde ni kipande cha duara, na duara hilo lina kitovu chake kilichoelea juu ya sakafu. Uzito wa kitanda na mtoto lazima ukae chini ya kitovu hicho. Ukikikaribia, kitanda hurudi kwa uvivu, ukikipita, hupinduka. Ndiyo sababu godoro nene linaloongezwa nyumbani huharibu susu iliyotoka kwa fundi ikiwa salama: limepandisha uzito. Bonyeza mfumbati wa upande mmoja mpaka upinde uguse kizuio chake cha mwisho, kisha achia. Inatakiwa irudi, iyumbe kidogo, isimame. Isiyo na kizuio iache palepale.

Mwendo hukaa kwenye kamba

Kasi ya susu ya kuning'inia haiamuliwi na mkono wako bali na urefu wa kamba. Kutoka kulabu hadi katikati ya uzito, mita 1 hutoa takriban sekunde 2 za kwenda na kurudi. Sentimita 25 hutoa sekunde 1, na huo ni mtikiso, si bembea. Ukitaka mwendo wa polepole maradufu, kamba iwe ndefu mara nne. Katika utafiti wa Geneva uliotolewa mwaka 2019, watu wazima waliolazwa kwenye kitanda kilichobembea mara moja kila sekunde 4 walisinzia upesi zaidi. Mwendo huo ungedai kamba ya mita 4, na nyumba nyingi hazina dari ya hivyo. Kwa mtoto, kamba ya karibu mita 1 inatosha kabisa.

Isogeze susu kwa upana wa kiganja uiachie. Tazama kama inakwenda njia moja au inajizungusha; ikijizungusha, kamba hazilingani. Kisha sikiliza. Chuma kinachokwaruza chuma humwamsha mtoto leo, na kesho hukatika. Chunguza kulabu pale inapogusana na pete: kama pameanza mfereji unaong'aa na susu bado ni mpya, chuma ni laini.

Kamba ya mkonge nzuri ina nyuzi tatu zilizosokotwa kwa kukaza, haina manyoya mengi, na ndani ya kitanzi cha juu imevishwa chuma cha mviringo ili isilike. Ina tabia moja ya kuijua: ikinyonya unyevu hujivuta na kufupika. Ukikaa pwani, rudia kipimo cha pima maji msimu wa mvua. Ya nailoni haijali sana unyevu, lakini hunyumbuka na fundo lake huteleza. Kwa vyovyote vile, kusiwe na ncha wala kitanzi kinachoning'inia kinachoweza kufika shingoni mwa mtoto.

Viungo na mbao

Kubembea ni adui wa msumari. Kila mwendo huuvuta kidogo, na baada ya miezi tundu limepanuka. Fundi anayeijua kazi hutumia ulimi na tundu: ncha ya ubao mmoja imechongwa ulimi, ukaingia kwenye tundu la mwenzake kwa kubana, kisha gundi. Ukipiga magoti ukatazama pembeni utaona mstari mmoja mwembamba wa maungio, usio na uwazi uliojazwa unga wa mbao na gundi. Shika pembe mbili zinazokabiliana uzisukume kana kwamba unataka mstatili uwe msambamba. Fremu isisogee wala isilie.

Mninga unaheshimika kwa sababu hausinyai wala kuvimba sana. Mkangazi ni mwepesi zaidi na hukubali randa. Mtiki hustahimili unyevu. Hata hivyo mbao nzuri iliyo mbichi ni mbaya kuliko mbao ya kawaida iliyokauka, kwa kuwa ikikauka nyumbani mwako hupinda na ulimi hulegea tunduni. Muulize fundi mbao zilikaa muda gani kabla ya kupasuliwa vipande, na usiogope kuomba kuziona zilizobaki.

Pini ya kufungia ndiyo kiungo cha mwisho na ndicho kinachosahaulika zaidi. Iwe ya chuma, iingie kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika mtoto, na ikishaingia susu isicheze. Kipande cha kamba cha kufungia kwenye tendegu si pini.

Fito, godoro na chandarua

Nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 6. Kama huna futi, chukua kopo la soda, lile nene la kawaida. Likipita, kiwiliwili cha mtoto nacho kitapita, kichwa kikwame.

Godoro liwe gumu na liingie kwa kubana, pasibaki nafasi ya vidole viwili pembeni. Libonyeze kwa kiganja uachie: alama ikibaki, kataa. Sufi ni laini na baridi, lakini hujikusanya madonge na kuacha mashimo, hivyo kwa mtoto mchanga haifai. Mto, blanketi zito na vitambaa vya kuzungushia fito havina kazi humo. Mtoto alale chali.

Chandarua kifungwe kwenye fremu isiyosogea, si kwenye kitanda chenyewe, la sivyo kitajikunja usoni. Kuhusu rangi, mtoto atatafuna mfumbati siku moja, kwa hiyo taka rangi isiyo na risasi, na susu iliyobaki na harufu kali ya vanishi isubiri nje.

Za umeme

Zipo zinazojibembeza zenyewe. Inayojulikana zaidi ni SNOO ya daktari wa watoto Harvey Karp, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 2016. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya huko, FDA, iliiidhinisha kama kifaa cha kumweka mtoto chali, kwa kuwa vazi lake hufungwa pande zote mbili. Tazama vizuri kilichoidhinishwa: kumzuia mtoto asigeuke, wala si mtikiso.

Uamuzi

Susu ni ya miezi michache. Mtoto akianza kujigeuza au kujiinua kwa mikono, kwa kawaida kati ya miezi 4 na 6, muda wake umekwisha hata kama bado anaipenda. Kwa hiyo nunua kwa kazi ya miezi hiyo. Nenda Keko ya Dar es Salaam, nenda Ngong Road ya Nairobi, nenda kwa fundi wa mtaani kwako, ukiwa na pakiti mbili za unga. Anayejiamini atakuachia upime mpaka uridhike. Anayekuharakisha, mshukuru uende kwa jirani yake. Na pesa ikiwa ndogo, ipeleke kwenye kulabu, pini na godoro. Nakshi haijawahi kumlaza mtoto.