Wekundu wa Ushanga

Mpagazi aliyetoka Bagamoyo na mzigo wa shanga alikuwa amebeba rangi begani. Msafiri Stanley, aliyepita njia hiyo mwaka 1871, aliandika kwamba Unyamwezi ushanga mwekundu ulipokewa mara moja na wa rangi nyingine ukakataliwa. Mweusi ulikuwa fedha Ugogo, kwingine haukununua kitu. Mwenye msafara asiyelijua jicho la wenyeji aliweza kulala njaa akiwa ameegemea mizigo.

Shanga nyingi za aina hiyo zilitoka Venice. Waliozibeba na waliozichuuza wamesimuliwa sana. Mimi namsifu aliyezipika, yaani fundi wa kioo.

Tazama kioo chekundu cha dhahabu. Fundi huyeyusha dhahabu kidogo kwa tindikali, akaitia katika kioo kilicho motoni. Kikipoa hakina rangi, utadhani dhahabu imepotea bure. Kirudishe motoni: wekundu unaibuka wenyewe. Kwa zaidi ya karne nzima mafundi walifanya hivyo bila kujua sababu. Februari 1857, miezi 9 kabla msafiri Burton hajaingia Kazeh, yaani Tabora yetu, mwanasayansi Faraday aliwaeleza wenzake wa London kuwa ile ni dhahabu ileile, ila imegawanyika kuwa chembe ndogo mno. Dhahabu nyekundu kama damu! Mwambie sonara, akufukuze dukani.

Aliyeutia ufundi huu vipimo ni Alexei Ekimov, wa Leningrad. Alitia ndani ya kioo kloridi ya shaba, ambayo ni semikondakta, akakipasha joto la nyuzi 500 hadi 700, kipande hiki kwa saa 1, kile kwa saa 96. Chembe ndogo kabisa zilikuwa na nanomita 2 hivi. Unywele una kama 80,000. Kemikali ni moja, lakini kadiri chembe zilivyokuwa ndogo, mwanga zilioumeza ulisogea upande wa buluu. Aliyachapisha hayo 1981. Nobeli ilimfikia 2023, pamoja na wanasayansi Brus na Bawendi.

Bawendi ndiye aliyeleta sufuria, tuseme hivyo. Mwaka 1993 alionyesha namna ya kudunga dawa ghafla katika kimiminika cha moto, chembe zikazaliwa kwa pamoja na kukua sawia. Selenidi ya kadimiamu ikiepuliwa mapema, imulike kwa taa ya kukagulia noti: inang'aa kijani. Iache kidogo, inakuwa ya manjano, kisha ya machungwa. Mpishi wa halua angeelewa kwa nini mtu hathubutu kuondoka jikoni.

Chembe za namna hiyo leo zimo katika baadhi ya televisheni, na katika mapishi hayo nyekundu ndiyo inayokaa motoni muda mrefu zaidi.