Kipimo cha Kinachopita

Mvua ikirejea baada ya kiangazi, mibuni ya Ileje na Mbozi, mkoani Songwe, hufunikwa na maua meupe yanayonukia mithili ya asmini. Siku chache tu, yamenyauka. Mwanafunzi wa Isongole, ambaye tangu Kidato cha Kwanza husoma karibu kila somo kwa Kiingereza, akitakiwa kulieleza ua hilo huandika "short", na hapo amesema jambo jingine kabisa: ua lenye kimo kidogo. "Brief" nayo haikai vizuri. Hiyo ni ya barua, ziara na hotuba, ingawa hotuba za wageni rasmi wa kwetu hustahili neno hilo mara chache sana. Mtaalamu wa mimea ana lake, "fugacious", alilolichukua kwenye neno la Kilatini lenye maana ya kukimbia, na hulitumia kwa petali zinazodondoka mapema.

Kiingereza kimekusanya vivumishi vya namna hii kutoka Kilatini, Kigiriki na kwa mababu zake chenyewe, na kamusi za haraka huvirundika pamoja kana kwamba ni visawe. Fundi wa maneno havichukulii hivyo. Kabla ya kuchagua hujiuliza kitu hicho kinakatishwa na nini: saa, mwendo, kuoza, au uamuzi wa mtu?

"Ephemeral" hupimwa kwa siku. Kigiriki chake ni kitu cha siku moja, na matabibu wa zamani walilitumia kwa homa iliyopanda na kushuka ndani ya siku hiyo hiyo. Wataalamu wa wadudu wakatoa humo jina la kundi zima, Ephemeroptera, ambalo wadudu wake wakishaota mbawa huishi saa chache au siku chache tu. Waliolinoa zaidi ni wataalamu wa maji. Kwao, korongo linalotiririka baada ya mvua kubwa kisha likakauka ni "ephemeral". Mto unaopita masika yote na kukatika kiangazi ni "intermittent". Songwe, unaotenganisha Tanzania na Malawi, hautiririki kwa msimu, kwa hiyo hauhusiki na neno lolote kati ya hayo mawili. Mhandisi anayebuni daraja akikosea hapo, kosa lake halitaitwa la sarufi.

"Transient" ni la mpita njia. Malori yanayofika Tunduma yakielekea Zambia na Kongo yangelielewa mara moja: yapo, lakini yapo kwa sababu yanakwenda. Hospitalini neno hilo hubeba uzito zaidi, kwani hutenganisha kiharusi kamili na kile ambacho dalili zake hutoweka, kwa kawaida ndani ya saa 24, na kuacha onyo. "Fleeting" ni jepesi kuliko hilo, linafaa tabasamu. "Evanescent" liachiwe ukungu wa asubuhi milimani, na hata huko kwa kiasi, maana waandishi wanaolipenda mno huwa wanapenda sauti yake kuliko ukungu wenyewe.

Mkoa wa Songwe una ushahidi wake dhidi ya kivumishi kimojawapo. Waingereza husema "meteoric" kwa anayepanda ghafla, na mara nyingi kwa dokezo kwamba atazimika ghafla vilevile. Ni la haki kwa mwanga wa kimondo angani. Lakini huko Ndolezi, wilayani Mbozi, kimondo chenyewe kimelala: pande la chuma na nikeli lenye uzito unaokadiriwa kuwa tani 16, lililoingia kwenye kumbukumbu za kitaalamu mwaka 1930 na ambalo halijaonyesha dalili ya kwenda popote.

Mpakani na Malawi, tofauti kati ya maneno mawili huweza kuwa hasara ya mtu. "Temporary" halisemi muda ni mfupi. Linasema tu kwamba aliyeweka jambo amekusudia liishe, iwe wiki au miaka. "Perishable" halingoji kusudio la yeyote. Machi 2025 Malawi ilizuia uingizaji wa baadhi ya mazao kutoka nje, ndizi zikiwemo. Aprili, Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya Malawi, kisha ikaliondoa zuio lake baada ya siku chache. Mazungumzo ya serikali yaliendeshwa kwa kalenda ya neno la kwanza, na ndizi zilizokwishakatwa zikaiva kwa kalenda ya neno la pili.