Anayeuliza Katika Nyumba ya Msiba

Mpelelezi husifiwa kwa bastola, kwa mbio za magari, kwa mlango unaovunjwa usiku wa manane. Mimi namsifu kwa kazi ngumu kuliko hizo: kuingia katika boma lenye matanga, kuketi chini ya hema pamoja na waombolezaji, kisha kumuuliza mjane swali ambalo hata mashemeji zake hawajathubutu kumuuliza. Akiuliza vibaya, nyumba nzima inafunga midomo. Akiuliza vizuri, mjane hulia, kisha huanza kukumbuka.

Katika ufuko wa Ziwa Viktoria, kuanzia Asembo na Seme hadi Nyakach, kazi hiyo ni ngumu maradufu, kwa kuwa msiba wa Waluo haumwachi mfiwa peke yake hata saa moja. Watu huja kwa mamia. Vijana hutimua ng'ombe kwa mikuki na nyimbo katika tero buru, wakikifukuza kifo hadi mbali na boma. Na aliyekufa sharti arudi dala, yaani bomani kwao, azikwe huko. Uzito wa sharti hilo Wakenya wote waliuona katika kesi ya wakili S.M. Otieno. Alifariki Desemba 1986, akazikwa Nyalgunga, Siaya, Mei 1987, baada ya mjane wake Wambui na ukoo wa Umira Kager kuvutana mahakamani miezi mitano mwili ukiwa mochari. Hapakuwa na muuaji katika kisa kile, lakini kilianika siri za familia kuliko kesi nyingi za mauaji. Mpelelezi anayefika Kisumu bila kuyajua haya ataona umati tu. Nani ameketi mbali na nani, nani hakupewa nafasi ya kusema kaburini, hayo yatampita.

Kisa kinachonifanya niiheshimu kazi hii ni cha Koru, kule kwenye miwa upande wa Muhoroni. Usiku wa kuamkia 13 Februari 1990, Waziri wa Mambo ya Nje, Robert Ouko, alitoweka nyumbani kwake. Mwili wake ulipatikana chini ya kilima cha Got Alila, kilomita chache tu kutoka hapo, umepigwa risasi kichwani na kuchomwa moto. Serikali ilitangaza kifo chake tarehe 16. Mji wa Kisumu ukalipuka kwa maandamano. Dhana ilienezwa kwamba alijiua mwenyewe, na wananchi wakaikataa hata kabla ya daktari yeyote kuikataa.

Rais Moi aliwaita wapelelezi wa Scotland Yard. Aliyewaongoza, John Troon, hakujua Kiluo wala hakujua matanga ya huku, lakini alijua kuuliza. Mtaalamu wa maiti, Iain West, aliusoma mwili. Troon alizisoma nyumba. Mfanyakazi wa nyumbani Koru alieleza kwamba aliamshwa na kishindo kama cha mlango, akachungulia, akaona gari jeupe likigeuza. Ni maneno machache, ya mtu ambaye wakubwa wengi wasingemwita hata sebuleni. Troon aliyapa uzito uleule alioyapa maneno ya mawaziri, na hapo ndipo naona ubora wa fundi.

Alifukua pia mambo ya ndani: kutoelewana katika familia, minong'ono ya ndoa, uhasama wa siasa za Kisumu, mvutano uliosemekana kutokea katika ziara ya Washington, na kiwanda cha molasi kilichokuwa kimekwama mjini. Mpelelezi dhaifu angeshika ugomvi wa kwanza alioukuta mezani na kuuita sababu ya kifo. Kila familia ina ugomvi. Ukiichimba nyumba yoyote siku ya msiba utapata ndugu wasiosalimiana na deni lisilolipwa, na mengi ya hayo hayahusiani kabisa na aliyelala kwenye jeneza. Kazi ni kuyasikiliza yote, kuyapima, kisha kuyarudishia heshima yake yale yasiyo na hatia. Troon alihitimisha kwamba Ouko aliuawa, na mashaka yake akayaelekeza nje ya familia, kwa wenye madaraka.

Kiswahili kilimjua fundi wa aina hii kabla ya Koru. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, katika riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale iliyotoka 1960, alikuwa na kiko mdomoni na rafiki yake Najum ubavuni. Alifumbua mafumbo ya Unguja kwa kuuliza nasaba: nani mtoto wa nani, nani alinyimwa nini. Ndiyo maana hadithi zake hazichakai. Tamthilia nyingi za upelelezi katika runinga zetu hukimbilia kumkamata mtu, na mama wa marehemu hupewa kilio cha nusu dakika kisha hasikiki tena. Ningependa kuona moja inayothubutu kukaa naye, inayomfuata kutoka mochari hadi sokoni Jubilee anakotafuta samaki wa kulisha wageni, huku mpelelezi akisubiri, kwa sababu anajua kwamba kusubiri nako ni kazi.

Turudi Koru. Tume ya Jaji Evans Gicheru, iliyochunguza kifo cha Ouko, ilipokea ushahidi hadharani, hadi Novemba 1991. Troon akiwa bado anahojiwa na mawakili, Moi aliivunja. Kakake Ouko, Barrack Mbajah, alikuwa amekimbilia Marekani. Jonah Anguka, aliyekuwa mkuu wa wilaya, alishtakiwa kwa mauaji na kuachiliwa huru 1994. Bunge nalo lilichunguza upya kuanzia 2003, chini ya Gor Sungu. Hakuna aliyewahi kuhukumiwa.

Atakayeiandika Koru kwa ajili ya jukwaa au runinga asianze na mawaziri. Kuna kijana mchunga ng'ombe aliyeuona mwili chini ya Got Alila mchana wa tarehe 13, siku tatu kabla ya tangazo la serikali. Aanze naye: alipofika nyumbani jioni ile alimwambia nani, na huyo aliyeambiwa alimwogopa nani.