Kijana bubu na kofrefori: nimesoma The Lock Artist

Leo nawaletea romani ya polisi, lakini msikimbie. Ni The Lock Artist ya Mmarekani Steve Hamilton. Ilitoka mwaka 2010, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Edgar, ile kubwa ya waandishi wa hadithi za uhalifu kule kwao.

Michael alipatwa na msiba mzito akiwa na miaka 8. Magazeti yakamwita Mtoto wa Muujiza, juu alipona. Tangu siku ile hajatoa neno hata moja. Anakulia Michigan, na vidole vyake vinafungua kila kufuli, kisha hata kofrefori. Anatusimulia yote akiwa gerezani, akirukaruka kati ya nyakati mbili: namna alivyojifunza, na namna alivyoiba.

Wengi wanasifia wizi wenyewe. Ni kweli, kurasa za yule mzee wa Detroit anayemfundisha kusikiliza chuma kwa ncha za vidole ni tamu. Mi nilisahau chakula mezani. Lakini nguvu ya kitabu njo hii: karibu kila mtu mzima anayegundua kipaji cha Michael anakitumia, haulizi ni nini kilimfunga mdomo. Baba aliyevunjiwa nyumba anaona ndani yake njia ya kulipa deni. Wakubwa wa wizi wanaona ufunguo wa kukodi. Ni Amelia, binti wa yule baba, anayeongea naye kwa michoro, karatasi kwa karatasi.

Na kasoro iko hapohapo. Amelia naye ana msiba wake, lakini Hamilton anaupita mbio, kama vile binti yuko pale kwa kumponya kijana tu. Nilitaka nimsikie yeye pia.

Mi ni mwalimu. Mwaka mmoja nilikuwa na mwanafunzi asiyejibu kitu darasani. Nikampa ziro, nikawaambia wenzangu, “Ule mutoto iko na kiburi.” Lakini redio ya shule ikiharibika, tulimwita yeye aitengeneze, na tulimshukuru sana. Kumuuliza ana nini? Hata siku moja.

Nilipofunga kitabu nilimkumbuka. Jina lake lilichelewa kunijia.

Kitafuteni, hasa sisi watu wa ubao na chaki.