Nyumba Inayojengwa kwa Picha

Ufunguo wa nyumba ya binamu yangu ninao mimi. Iko Likuyani, si mbali na Matunda: vyumba vitano, nguzo nne za saruji mbele, mabati ya rangi ya damu ya mzee, na ukuta mrefu kuizunguka. Mwenyewe yuko Doha, mwaka wa sita sasa. Kila Jumapili ananiandikia, "Bro, tuma picha." Mbele nyumba inapendeza kabisa. Nyuma, jikoni hakuna chimni, kwa hivyo kukhu bado anapikia nje, hata mvua ikinyesha.

Wajuaji wa Nairobi huziita nyumba kama hizi ushamba wenye pesa. Hata mimi nilikuwa nacheka, mpaka niliposoma kuhusu Kaiping, mkoani Guangdong, kusini mwa China. Wanaume wa huko walienda Marekani, Kanada na Australia kutafuta kazi. Pesa walizotuma zikajenga minara ya ghorofa, diaolou, katikati ya mashamba ya mpunga. Chini ni kuta nene na madirisha madogo ya chuma, kwa sababu ya majambazi na mafuriko. Juu kuna nguzo na kuba za Kizungu. Mingi ilijengwa miaka ya 1920 na 1930. Imebaki zaidi ya 1,800, na mwaka 2007 UNESCO iliingiza baadhi yake kwenye Urithi wa Dunia.

Kwa hivyo nguzo si kosa. Kuanzia 1882 hadi 1943 sheria ya Marekani iliwafungia mlango vibarua wa Kichina, na wengi waliokuwa kule hawangeweza kuleta wake zao. Mnara ulilinda familia wakati mwenyewe hayupo. Binamu yangu naye, visa ya familia inataka mshahara ambao hajawahi kuushika. Anajenga kwa sababu hawezi kurudi wala kuwaita.

Lakini kuna jambo Kaiping wanatushinda. Baadhi ya minara yao ilijengwa na familia kadhaa zilizochanga, kila moja ikapata chumba cha kukimbilia hatari ikija. Wazee wetu waligawiwa mashamba ya walowezi baada ya uhuru, na jirani alikuja kukukandikia nyumba kwa malipo ya busaa. Sisi siku hizi tunaanza na ukuta. Nyumba yenye vyumba vitano inalala mtu mmoja, mwenye ufunguo, na aliyetumiwa pesa anatumika kama mpiga picha.

Jumapili iliyopita sikutuma nguzo. Nilituma picha ya nyuma: kukhu, sufuria, moshi, mwavuli. Binamu alikaa kimya karibu saa nzima. Kisha akauliza, "Chimni ni pesa ngapi?"

Fundi anakuja Jumanne.