Kifuko cha Simu Safarini Baharini

Mtu akuuziaye kifuko cha kuhifadhia simu baharini aghalabu hukuvutia kwanza kwa unene wa plastiki yake, akaibonyeza mbele yako na kuigonga kwa kucha ili uusikie ugumu wake. Na mnunuzi, madhali hana maarifa ya kazi hii, huridhika akalipa, ilhali maji ni nadra mno kupenya ubavu wa plastiki, bali huingia kwa mshono au kwa mdomo, na hapo ndipo ulipo ustadi wote wa fundi aliyekitengeneza.

Anza na mshono. Kifuko chema hakishonwi kwa uzi, kwani kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Pindo zake huunganishwa kwa moto hata matabaka mawili yakawa moja. Kiinue juani uutazame ufito wa muungano: uwe na upana ulio sawa kotekote, usiwe na mapovu wala makunyanzi, na pembe zake ziwe za mviringo, kwa sababu pembe kali hukunjika mahali pamoja kila siku mpaka ikachanika. Litazame na tundu la kamba ya shingoni. Likitobolewa ndani ya ufito mwembamba, uzito wa simu utalivuta kidogo kidogo hadi lifike mahali pa simu, na kifuko changu cha kwanza kiliharibika kwa sababu hiyo hiyo, nikaipoteza simu pamoja na picha za harusi ya dada yangu.

Mdomo ni jambo zito zaidi. Nahodha mmoja wa mashua za Mokowe, aliyenivusha kwenda Lamu, alikiomba kifuko changu kipya kabla hatujafungua kamba, akakijaza pumzi, akakifunga, kisha akakikaza kwa viganja viwili huku ameusogeza mdomo wa kifuko shavuni. "Sikiliza kwa shavu, mwanangu," akaniambia, "sikio huku lina upepo mwingi." Nikafanya kama alivyofanya, nikauhisi uzi mwembamba wa hewa ukitoka kwenye pembe ya kushoto, na tulipokifungua tukaukuta unywele mmoja umelala juu ya mpira wa kuzibia. Basi mpira huo na uwe laini, wenye kurudi upesi ukiubonyeza kwa kidole, na uwe wazi kiasi cha kupangusika. Baada ya mtihani wa pumzi uje wa maji: tia ndani karatasi ya tishu na jiwe mahali pa simu, kizamishe ndooni nusu saa, ukikaushe vema nje kabla ya kukifungua, uitazame tishu pembe zote nne.

Kuna wenye kudhani kwamba hayo yote hayana haja, madhali simu yao ina alama ya IP67. Alama hiyo ni ya haki: tarakimu ya 6 yasema vumbi haliingii, na ya 7 kwamba kifaa huvumilia kuzama mita 1 kwa dakika 30, walakini mtihani wake ni wa maji matamu, ilhali lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Maji hukauka, chumvi ikabaki juu ya saketi, nayo huanza kuvuta unyevu wa hewani pindi unyevu huo uzidipo takriban asilimia 75, hali ambayo watu wa pwani tunaijua sana, hasa usiku. Ndipo umeme wa betri ukaila shaba polepole, hata simu iliyoonekana imepona ikafa baada ya juma. Kuifukia ndani ya mchele hakuondoi chumvi hata chembe.

Fauka ya hayo, kifuko kisichovuja huuzuia ndani unyevu uliokwisha ingia. Kwa hiyo ifunge simu chumbani penye hewa kavu, si ufukweni, ukaitilie kijaluba cha silika ya kunyonya unyevu. Ile ya rangi ya chungwa ni bora, maana ikishiba hugeuka kijani, nawe ukaijua.

Kifuko cha yule nahodha kilikuwa kimefifia, hakitazamiki. Kila jioni hukisuuza kwa maji matamu kingali kimefungwa, kisha hukifungua na kukitundika kivulini mdomo ukielekea chini.